Mtoto Anasoma Anakolala

Katubuka, Kigoma
9 Machi 1997

Mpendwa Dada Marsiana,

Shikamoo. Naamini barua hii inakukuta mzima huko Ilagala, wewe, shemeji na watoto. Dagaa wako walifika, Mama akawala peke yake bila aibu. Sisi afya tunayo, raha ndiyo hatuna.

Dada, shule imetuvuruga. Tangu wakimbizi waanze kushuka ziwani, watoto wanakaa hadi mlangoni mwa darasa. Kamati ikaamua barabara iwe mpaka: wa upande wetu wabaki, wa ng'ambo waende shule mpya kule Rusimbi. Na unajua Kurwa wangu analala ng'ambo, kwa Mama, ili bibi yake asiwe peke yake. Nikaenda kwa mwenyekiti, Mzee Gervasi, nikamweleza kuwa Doto haoni ubaoni, pacha wake ndiye anayemsomea. Akanisikiliza vizuri tu, kisha akasema, "Mtoto anasoma anakolala." Nilitamani kumrushia kandambili. Wametupa muda mpaka Pasaka, baada ya hapo Kurwa aende Rusimbi.

Kila mtu ananiambia nimhamishie Mama kwangu, yaishe. Rahisi kwao! Nimembembeleza mpaka koo limekauka. Anasema haondoki, kaka Kasongo akivuka ziwa kutoka Uvira akute mlango umefungwa? Kila boti ya wakimbizi ikifika, anatandika upya kitanda cha kaka. Kurwa haruhusiwi hata kukikalia, analala chini kwenye mkeka. Nikimrudisha Kurwa, Mama anabaki peke yake, na juzi alianguka uani. Nikimwacha, Doto wangu amekwisha.

Sasa kaa chini, Dada. Mwezi uliopita alishuka kijana anaitwa Jean, aliyekuwa akiuza vitenge na kaka kule. Kasongo hayupo tena. Jean ndiye aliyemzika. Nilimwomba asikanyage kwa Mama, nikajifungia chooni nikalia, nikanawa uso, nikampelekea Mama uji wake. Mpaka leo sijasema. Nikisema, Mama hatakuwa na wa kumsubiri, atahamia kwangu, na watoto watasoma pamoja. Ndiyo maana mdomo haufunguki. Naona kama namuuza kaka yangu ili nipate nafasi ya darasa.

Njoo kabla ya Pasaka tumwambie sote wawili, mimi peke yangu siwezi.

Wasalimie wote hapo nyumbani. Mama naye anakusalimu sana. Ameniona naandika, akasema ukija umletee shuka, lile la kitanda cha Kasongo limechakaa kwa kufuliwa.

Ni mimi mdogo wako,
Merina