Maksai wa Kampuni

Chimwaga, Dodoma

Baba yangu,

Shikamoo. Natumaini upepo wa kiangazi haujakurudishia kile kikohozi, na mama goti lake limetulia. Mimi mwili ni mzima. Vumbi la huku linaingia mpaka kwenye sahani, masomo yanaendelea, ila tangu Jumatatu silali vizuri, na si kwa ugonjwa. Nimefanya jambo ambalo hukunituma. Tafadhali soma mpaka mwisho kabla hujakasirika.

Jumatatu nilikwenda Area D kwa dada Upendo, yule mhasibu anayetutengenezea hesabu za kampuni kila mwaka ili zipelekwe kwa watu wa kodi na kwa msajili. Ulinipa kazi hiyo kwa sababu karatasi zote zimeandikwa Kiingereza. Hata uliponiingiza kuwa mkurugenzi, nilipotimiza miaka kumi na minane, ulisema, "Tupate mtu wa kutusomea." Nilijiona mkubwa. Sasa natamani Kiingereza kingenishinda kama kilivyomshinda kaka Elia.

Alianza na mali. Mashine ya kukamulia alizeti ipo? Ipo. Mkokoteni? Upo. Maksai wawili wa kuvuta mkokoteni?

Nikatazama viatu. Unanijua nikibanwa.

"Neema, nauliza maksai. Waziri na Katibu. Mwaka jana ulinitajia mpaka majina, tukacheka."

"Wapo kwa wakwe."

"Wakwe wa nani, wa kampuni?"

Nikamweleza. Kwamba mahari ya kaka Elia ilipungua ng'ombe wawili, wazee wa upande wa wifi wakasema hawapokei ahadi, wanapokea kwato, nawe ukawafungua Waziri na Katibu wakapelekwa siku ile ile. Nilitegemea atacheka tena. Akaweka kalamu chini.

"Kwa hiyo baba yako amemlipia mwanawe mahari kwa ng'ombe wa mtu mwingine."

"Lakini dada, kampuni si ni yake?"

"Ana hisa. Ng'ombe ni wa kampuni. Kisheria kampuni ni mtu, ina mali yake na madeni yake. Ndiyo maana ikidaiwa, nyumba ya baba yako haiguswi. Sasa yeye anataka ukuta umkinge yeye, ila ng'ombe wapite."

Akasema njia ni mbili. Ama ihesabiwe kwamba ulijigawia faida, na hapo kuna kodi yake, na Shangazi kama mwanahisa alistahili kupewa fungu lake pia. Ama iandikwe kuwa ni deni lako kwa kampuni, ulirudishe. Nikaomba kutoka nje nikupigie.

Unakumbuka ulivyonijibu. "Huyo mtu kampuni, mbona wakati wa palizi simwoni shambani?" Nikacheka, maana unachekesha. Kisha ukashusha sauti. "Mwambie wamekufa. Ng'ombe hufa, mwanangu. Waziri katangulia, Katibu kafuata." Nikasema, "Sawa, Baba."

Basi ukakata simu ukijua limekwisha. Halijaisha.

Nilirudi ndani nikiwa nimeshaipanga sentensi, hata ugonjwa nilikuwa nimeuchagua. Dada Upendo akasema, "Enhe, mzee kasemaje?" Nikamfikiria Shangazi. Alipofiwa na mumewe aliuza ng'ombe wake wote ili mashine inunuliwe, watu wa kwetu Chemba wakamcheka kwamba mjane kabadilisha ng'ombe kwa makaratasi. Siku ya mahari ulimwambia baada ya mavuno utairudishia kampuni maksai wengine. Mavuno yamepita. Hajakuuliza, kwa kuwa wewe ni kaka yake, naye anasomba alizeti kwa bodaboda za kukodi. Tukiandika wamekufa, hakuna tena wa kurudishwa. Atakuwa amepoteza kwa ugonjwa ambao haukuwahi kuwepo.

Nikasema, "Andika deni."

Nilisema taratibu mno, ikabidi nirudie.

Nasikitika, Baba. Nasikitika kwamba nilikuitikia sawa kisha nikageuka, wakati ningeweza kukukatalia pale pale kwenye simu. Sikuweza. Na nasikitika kwamba mtu wa mjini ameyajua ya nyumbani kwetu kabla Shangazi hajaambiwa haki yake. Hilo ndilo linaloniamsha.

Siombi Waziri na Katibu wakafunguliwe kule. Mahari ikirudi, ndoa nayo hutikisika, na wifi hana kosa. Lakini zizini kwako kuna wale madume wawili wachanga unaowaweka kwa ajili ya ada yangu ya mwakani. Ipe kampuni hao, wahasiwe, wafundishwe kuvuta. Sitaki kujisifu, Baba: niliposema "andika deni" sikuwa nimewakumbuka. Niliwakumbuka nikiwa nashuka ngazi, nikakaa pale kwenye ngazi nikalia. Bado nasema wapeleke. Nitaomba mkopo wa masomo, na nikikosa nitakaa nyumbani mwaka mmoja, nitashika kazi ya mashine.

Hesabu hizi hapa pamoja na barua. Nyuma ya kila ukurasa nimeandika Kiswahili chake. Usitie saini peke yako. Mwite Shangazi, mkae kikao, umsomee. Nakuomba usimwite kama dada yako unayeweza kumwambia "tutaongea". Mwite kama mwenye hisa. Kama ukikataa kusaini, ni haki yako, ila neno "wamekufa" sitaliandika mimi, na nikiulizwa tena nitajibu vile vile.

Mwambie mama ule unga wa ulezi ulinifikia, nanywa uji kila asubuhi na wenzangu wa chumbani wameupenda kuliko chai. Bibi mshikie mikono yote miwili kwa niaba yangu. Kaka Elia na wifi wasalimie, na haya wasiambiwe kwa namna ya kuwafanya wajione mzigo. Shangazi mpe salamu tu; mengine ayasikie kwako.

Ni mimi binti yako, niliyekukatalia kwa mara ya kwanza, na nisiyejua bado utanipokeaje,

Neema