Somo la Makazi kwa Mama Régine

Jumanne, Bel-Air, Lubumbashi. Mvua imekatika mchana lakini mbingu bado nzito, na mimi nimejifungia chumbani kwa aibu.

Watoto wangu wawili nawafundisha mwenyewe, hapa nyumbani. Juma hili tuko kwenye makazi na hali ya hewa: kwa nini penye baridi watu hujenga hivi, na penye joto vile. Kitabu chetu kimejaa nyumba za barafu na mahema ya jangwani. Nikaona hapana, watoto wa Lubumbashi waone mvua ya kwetu na paa la kwetu.

Nikawapeleka kwa jirani yetu Mama Régine, ambaye upepo wa juma lililopita ulimng'olea nusu ya mabati. Njiani nikawaambia watafute makosa ya ujenzi, "faute" kama wanavyosema wao, na wayaandike.

Mimi na akili zangu!

Mama Régine alipotuona akakimbilia viti, akavipangusa kwa kitenge chake. "Karibuni, Mama Daniel. Ba jirani bote balisha kuya kutupatia pole. Nikasema, na weye utakuya tu."

Majirani wote walikuwa wamekwenda kumpa pole; mimi nilikuwa sijaenda. Juma zima napita pale, nikijiambia nitaingia kesho. Huku kwetu paa la mwenzako likibebwa na upepo unaenda, hata mikono mitupu, unakaa naye kidogo. Basi nikakaa, nikasema, "Pole sana, mama," kana kwamba ndicho kilichonileta.

Daniel wangu, miaka minane, akanyoosha kidole juu kwenye mabati kwa furaha. "Maman, faute nimeiona! Balitia mawe juu ya tôles, habakupiga misumari!"

Mama Régine aliwatazama watoto na kalamu zao, kisha akanitazama mimi. Alielewa yote.

"Ni vile, mutoto wangu," akasema polepole. "Misumari ilikosa, na feza ya kuipata pia."

Tulipoaga hakutusindikiza, yeye ambaye humsindikiza hata muuza makaa mpaka barabarani.

Na mimi, njiani, nikamkaripia Daniel. Kwa kosa gani? Alifanya nilichomtuma.

Kesho asubuhi narudi peke yangu. Nitamwambia ukweli, kwamba sikuja kumpa pole. Akinifungia mlango, ni haki yake. Naogopa, lakini nitaenda.

Sasa hivi Daniel amegonga mlango wangu, sauti ya chini, bado ana woga.

"Maman, ile faute yangu, utanipa points ngapi?"