Moja ni Kwenda na Kurudi

Lodwar, Jumapili baada ya kanisa

Mwaitu, mama yangu mpendwa,

Goti lako linaendeleaje? Mbuzi wamepata majani hapo Ikutha, ama bado mnawapeleka mbali? Mimi ni mzima, joto tu ndilo linanimaliza. Mwende dada yangu, wewe unayemsomea Mama, soma yote, usiruke hata pale nitakapokusema.

Naandika kwa sababu simu zangu huchukui. Mwende ameniambia unataka kumtoa Kyalo kwako, ati ulikaribia kuua mtoto wa mtu. Huyo mtoto wa mtu ni wangu, Mwaitu, kwa hivyo nisikize kwanza.

Unakumbuka alipoanza kukohoa, nesi alisema tuhesabu anavyopumua kwa dakika moja, ikizidi arobaini akimbizwe hospitali. Namba za saa kwenye simu yako ya kabambe ni ndogo, huzioni. Mimi nikajifanya mjanja, si maabara ya shule ndiyo kazi yangu? Nikakwambia ufunge jiwe kwa kamba ya mita moja, toka fundo la juu hadi katikati ya jiwe, ulining'inize kwa boriti na kulisukuma kidogo tu. Jiwe liwe zito ama jepesi haidhuru, urefu wa kamba ndio unaamua. Likibembea mara thelathini, dakika imeisha. Ukafanya, ukanipigia: pumzi ishirini na nane. Nikasema asante Mungu, nikaendelea na kazi zangu.

Kesho yake kidato cha nne walikuwa na zoezi la hiyo hiyo bembea. Nilikuwa nimeficha fundo la juu nyuma ya katoni, wapime muda, halafu watafute urefu wa uzi kwa hesabu. Msichana mmoja, mkali wa hesabu kabisa, akaniletea sentimita ishirini na tano. Na uzi ni mita nzima! Nikamcheka. "Wewe, uzi wangu umeukatia wapi?" Akasema, "Mwalimu, mimi nimehesabu kila likipita." Yaani kwenda moja, kurudi mbili. Muda wa bembea moja ukamtokea sekunde moja badala ya mbili, na kwa sababu urefu hufuata muda mara muda, ukatoka robo.

Kicheko kikanikauka. Wewe nilikwambia "mara thelathini," basi. Nilikwambia lini kwamba moja ni kwenda na kurudi? Nikapiga simu, Abdi mwenye duka la kuchaji pale sokoni akapokea, yako ilikuwa kwake. Nilipomweleza alifunga duka, akapanda bodaboda akakuletea. Nikakuuliza, "Mama, jiwe ulilihesabu vipi?" Ukajibu papo hapo, "Kila likipita, si ndiyo?"

Nusu dakika! Kyalo alikuwa anapumua mara hamsini na sita. Nililia mbele ya wanafunzi, na sioni haya kusema. Mlienda na bodaboda ile ile, daktari akasema ni nimonia, akamlaza. Sasa nasikia anawasumbua kuku.

Mwende, hapa ndipo nakusema: acha kumwambia Mama ati amezeeka. Jiwe aliliona sawasawa na pumzi alizihesabu sawasawa. Mimi ndiye niliyefundisha nusu, na mimi ndiye nipewe lawama.

Nisalimie mjomba Nzioka, mwambie dawa ya mifugo aliyoniagiza nimeipata. Shangazi mama wa kwaya aniombee. Abdi mpe asante yangu kubwa, na umpelekee maziwa.

Mwaitu, nilipokuuliza siku ile hukujitetea. Ungeona aibu, ungesema umehesabu vizuri, na mimi ningekuamini, na leo tungekuwa tunazungumza habari ya kaburi. Mtu anayenijibu ukweli namna hiyo ndiye nataka akae na mwanangu. Kyalo habanduki hapo kwako.

Ni mimi binti yako,
Kalekye