Mrututu wa Soni

Lushoto, Jumanne, baada ya magharibi

Bado panawaka. Kutwa nzima bomani nimekalia upande mmoja, mpaka karani mwenzangu akaniuliza kama nimeanguka.

Jana nisingenyoa kwa ajili ya harusi, nisingeviona kabisa. Vipele vyeupe vidogo kama punje za ulezi, kwenye ngozi ya uume. Haviumi wala haviwashi. Lakini moyo ulitaja neno moja tu: kaswende. Nikamkumbuka yule mwanamke wa Mombo. Ilikuwa mara moja tu, na ni zamani.

Dresa wa zahanati ya hapa ni mjomba wa Zaina, mchumba wangu. Ningemvulia vipi nguo? Nikashuka Soni, nikanunua mrututu, ile dawa ya buluu tunayopulizia mibuni. Nikaukoroga na maji, nikapaka ili uviunguze. Niliuma shuka nisipige kelele.

Leo nimeshindwa, nimekwenda kwake.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, mwanangu. Kuna nini?"

Nikamwonyesha. Akavaa miwani, akainama.

"Hivi vyeupe ni maumbile tu. Wanaume wengi wanavyo, hata mimi. Lakini hiki kidonda umekipata wapi?"

Nikamweleza. Hakucheka, na hilo limenitisha zaidi. Amenipa mafuta ya kupaka na kuniambia nisubiri siku kumi kidonda kipone.

Siku kumi! Harusi ni Ijumaa hii.

Basi ugonjwa sina, wala sikuwa nao. Lakini Zaina atakuta kidonda. Na mke gani ataamini kwamba kidonda cha mahali pale kimeletwa na dawa ya mibuni?