Ndala Nyuma ya Mlango

Mugumu, Serengeti

Mama yangu, shikamoo.

Naomba barua hii ikukute umekaa barazani, uvimbe wa miguu umeshuka na pumzi inatosha. Mimi mwili mzima. Roho ndiyo haina nafuu.

Siku ile uliponiambia kwenye simu kwamba Shabani ameikata ndala yangu akatengeneza ngalawa, ulidhani mtandao umekatika. Haukukatika, mama. Niliishusha simu sikioni.

Nilipoondoka Kilwa, mama yake Shabani tulikuwa tumeshamzika, mtoto mwenyewe anatambaa. Ukaziweka ndala zangu nyuma ya mlango, ukasema aliyeacha viatu nyumbani lazima arudi. Nami nikaamini. Nilikuja kuchonga vitanda, nipate mtaji, nirudi kumlea mwanangu. Sasa watu wa hapa wananunua vya chuma, vinashushwa kwenye malori tayari. Mimi nagongea viti miguu. Kila Idi nasema nakuja, mtoto anakwenda kituoni kunipokea, basi linafika bila mimi. Idi hii sikusema hata kwamba nakuja.

Je, mlingoti ameusimamisha kwenye tundu la kidole? Kama ndivyo, basi mkono wake ni wangu. Na mimi utotoni nilifanya hivyohivyo, tanga la mfuko wa rambo, vijiti viwili ubavuni isipinduke.

Juzi nilikata ndala yangu ya huku, nikawatengenezea ngalawa watoto wa mwenye nyumba wangu, Mama Bhoke. Wao hufinyanga ng'ombe wa udongo, wana nundu na pembe utadhani watalia. Chacha, mdogo wao, aliigeuzageuza.

"Fundi, hii inafanya nini?"

"Inaelea."

"Inaelea wapi?"

Sikuwa na pa kumwonyesha. Basi wakaifunga kwa kamba nyuma ya ng'ombe wawili wa udongo, wakaiburuza vumbini.

"Ona fundi, plau yako inalima!"

Nilicheka mpaka machozi, na machozi yakabaki. Mama Bhoke akanitazama. "Wacha kulia, mura," akasema, ndivyo huku wanavyomwita kijana. "Wewe ni mtu ya hapa sasa." Alitaka kunifariji, maskini, lakini lilinichoma.

Umesema umemchapa Shabani, na ndala ya pili umeifungia kabatini. Usimchape tena, mama. Mtoto hakufanya utundu. Amechoka kungoja kabla yetu sisi watu wazima, na sina cha kumwambia ili angoje tena.

Nisalimie dada Mwajuma anayekutekea maji, Mungu amlipe. Mjomba Salumu, ambaye bado ananiwekea nafasi kwenye chombo chake cha kuvulia, mwambie aipe mtu mwingine.

Na kabati lifungue. Mpe Shabani ile ya pili. Ngalawa moja haina mashindano.

Mwanao,
Hamisi