Hukuwa na pa Kushukia

Kwako Baba Mwende, huko uliko,

Leo nakuandikia kwa hasira, si kwa machozi. Machozi niliyamaliza zamani, na hata yangebaki nisingeyapoteza kwa ajili ya watu wa kanisa letu.

Unakumbuka mwaka tuliooana, ulivyonibeba kwa baiskeli kutoka kwetu Kathonzweni? Mimi kwenye keria, nimeshikilia shati lako kwa mikono yote, nawe unaimba nyimbo za kwaya, tena vibaya kabisa. Tukisikia gari nyuma, unageuza usukani hadi mchangani, tunashuka, tunafumba macho vumbi lipite. "Sisi wa baiskeli tunashuka, bibi yangu," ulikuwa ukisema. "Hiyo ndiyo adabu ya barabara." Huku kwetu kila mwenye baiskeli alifanya hivyo. Wenye magari wakazoea, hata breki hawakugusa.

Halafu lami ikafika Kitui mjini. Tulifurahi, kwa nini niseme uongo? Ulikuwa unapeleka maji kwenye hoteli za sokoni, mitungi imefungwa keria nzima, na ulisema sasa pancha zitakoma. Lakini walioweka ile lami waliacha ukingo wake umekatika kama ngazi, na chini yake mtaro. Mtu mwenye mzigo ashukie wapi? Akijaribu, mitungi inamvuta, anaanguka. Wenye magari nao wakabaki na mazoea yao ya barabara ya vumbi: wanapiga honi, wanakanyaga mafuta, na wewe ujue pa kwenda. Jioni moja ulirudi goti limechubuka, ukawa unacheka. "Mama Mwende, hii lami ni ya wenye magari. Sisi wametusahau." Ulisimama kwenye baraza ukamuuliza chifu, "Sisi tushukie wapi?" Watu wakaangua kicheko, na chifu pia. Eti mchuuzi wa maji naye anataka barabara yake!

Asubuhi ile honi ilipigwa kama kawaida. Mama muuza mboga aliyekuona aliniambia uligeuka, ukatazama pikapu, ukatazama mtaro, ukaendelea kukanyaga pedali kwa nguvu zako zote. Pikapu haikupunguza mwendo.

Sasa sikia kilichonimaliza mimi. Polisi waliuliza, majirani wakauliza, mama yako mwenyewe akaniuliza udongo wa kaburi ukiwa bado mbichi: "Lakini mbona hakushuka?" Kana kwamba ulikataa kwa kiburi. Wewe, mtu wa kunishusha mchangani hata kwa gari lililo mbali!

Jumapili iliyofuata, mwenye pikapu alisimama kanisani kutoa ushuhuda. Ndiyo, kanisa letu hilihili. Ni yule bwana wa duka la saruji, na jina lake sitaliandika hapa. "Bwana asifiwe! Shetani alinitegea ajali barabarani, lakini Mungu akanishika mkono. Hata kioo hakikupasuka!" Kanisa zima likaitikia Ameni. Makofi yakapigwa. Mimi nilikuwa nimekaa palepale na kitambaa cheusi kichwani, Mwende mgongoni, na hakuna hata mmoja aliyegeuka kunitazama. Ngai, Mungu wangu! Ile Ameni huwa naisikia mpaka leo nikisonga ugali.

Mwende sasa ananipita kimo. Juzi mchungaji alikuja na akina mama wa kanisa, wameleta sukari na majani ya chai. Yule bwana anawekwa kuwa mzee wa kanisa, na wanataka nimpe mkono mbele ya watu ili mambo yaishe. Walipoondoka, Mwende akaniambia, "Mwaitu, mama yangu, mpe tu mkono. Si baba ndiye alikataa kushuka?"

Huyo ni mtoto wako, Baba Mwende. Nilimlea mwenyewe, na bado maneno ya watu yakamfikia kabla ya yangu. Nilitamani kumzaba kofi. Badala yake nikaazima baiskeli ya jirani, nikafunga mitungi imejaa maji, tukaenda mpaka pale ulipogongwa. Nikangoja barabara iwe tupu. "Haya, usiipande, isukume tu," nikamwambia. "Tuseme gari linakuja nyuma yako. Shuka."

Gurudumu la mbele likatumbukia, mitungi ikamvuta, akaanguka na baiskeli juu yake. Maji yakamwagika kwenye lami. Alikaa hapo chini akilia kwa sauti, msichana mkubwa hivyo, bila kujali wapita njia.

"Mwaitu, hakuna pa kushukia."

"Hakuna," nikamwambia.

Jana nikamwendea mchungaji. Nikamwambia mkono nitautoa, lakini kwanza yule bwana asimame mbele ya watu walewale, aseme kwa sauti ileile kwamba mume wangu hakuwa na pa kushukia, na kwamba yeye breki hakuzigusa. Mchungaji akajikuna shingo. Akasema hayo yataharibu sherehe.

"Basi iharibike," nikamjibu.

Jumapili tutakwenda. Mwende amesema atakaa nami benchi la mbele kabisa. Yule bwana akinyoosha mkono wake bila kusema neno hilo, atabaki ameunyoosha hivyohivyo mbele ya kanisa zima, mpaka achoke.

Pumzika, mume wangu. Mtoto wako sasa anajua.

Mimi mkeo,
Mama Mwende