Pale Ulipokuwa Ukiishia

Jayanti ndugu yangu,

Wenzangu waliofiwa wana makaburi. Wanakwenda, wanang'oa majani, wanasema yao, wanarudi. Wewe ulichomwa kama dini yenu inavyotaka, majivu yakapelekwa mtoni, na mimi siwezi kusimama ukingoni nikazungumza na maji. Watu wa hapa wataniitia ambulensi. Ndiyo maana nimeshika kalamu, mimi Athumani, ambaye hata barua za ofisini ulikuwa ukiniandikia wewe. Mkono ni mzito. Utavumilia.

Kesho mwaka wako unatimia. Binti yako Meera anakufanyia kumbukumbu pale nyumbani Tooting. Watu watajaa, naye atapiga piano yako, ule wimbo wa usiku wa Mpolandi wako, yule mtunzi wa zamani, wote, mwanzo hata mwisho. Na piano nimeilinganisha mimi, nimekaza nyuzi zake zilie sawasawa.

Meera alitaka kumwita fundi, kijana mmoja anayelinganisha huku anatazama simu. Nikamwambia piano ya baba yako haishikwi na mtu wa simu nami ningali hai. Nimebeba piano London hii nzima, hata kwenye ngazi ambazo paka anazipanda kwa kufikiri, na baba yako akifungua vyombo vyake vya kulinganisha mimi nipo, kazi yake naijua. Akacheka. Akanijibu kwa Kiingereza, unajua hawa waliozaliwa hapa, akasema sawa anko, lakini kubeba si kulinganisha. Basi. Unanijua mtu akiniambia siwezi.

Alhamisi nikaenda na mkoba wako. Nikazima hita kama ulivyokuwa ukifanya, maana ule moto unakausha mbao na nyuzi zinalegea. Shemeji, mkeo, akakaa na koti na shali mbili, anatetemeka, ananiambia, "Athumani, unataka nimfuate mwenzio?" Nikamwambia vumilia shemeji, hii ni kazi ya kitaalamu.

Sauti za chini nilizifanya vizuri. Za kati nilizifanya, wallahi, hata wewe ungekosa la kusema. Kile chuma chako chenye meno mawili nilikigonga gotini, nikakiweka kwenye mfupa nyuma ya sikio kama ulivyokuwa ukifanya, nikakaza waya mmoja mmoja mpaka zile waya tatu za kila sauti zikaacha kugombana. Halafu nikafika juu, mkono wa kulia kabisa. Nikabonyeza kibao nikasikia mti unagonga. Tok. Mti tu. Nikadhani waya umekatika. Nikachungulia ndani, waya upo, na nilipougusa kwa kidole ulikuwa unatetemeka. Ulikuwa unalia, Jayanti, na mimi siusikii.

Cha pili, tok. Cha tatu, tok.

Nikakaza kwa kukisia. Nikafunga kifuniko, nikafuta vumbi, nikasema, "Tayari." Tena kwa sauti kubwa.

Meera akakaa akajaribu. Mkono wake ulipopanda juu nikamwona jicho la kushoto limejikunja, kama lako ulipokuwa ukionja chai isiyo na tangawizi. Akaacha kupiga, akasema nzuri, anko, asante. Nimerudi kwangu Lewisham na hilo jicho. Nalala nalo, naamka nalo.

Kinachonitia hofu zaidi ni hiki. Huo wimbo mimi nimeusikia umri wangu wote nikiwa ngazini au nimekaa kwenye gari nje. Ulikuwa ukimaliza kulinganisha unaupiga kuijaribu piano, unafika pale mkono wa kulia unapopanda kama mtu anayepanda ghorofani, halafu kimya, kifuniko kinafungwa, unaita, "Athumani, chai." Kila nyumba ni hivyo. Mimi nikajua wimbo umeisha pale. Utakumbuka kwenye lile kanisa la Lewisham tulikopeleka piano, yule msichana alipoupiga. Alipofika pale nikapiga makofi peke yangu, nikainuka, nikageuka kutafuta chai. Yeye anaendelea tu. Nikatoka nje nikakwambia huyo binti ameongeza vyake. Ulicheka ukashika bomba la mvua usianguke. Ukasema, "Ndugu yangu, mimi ndiye ninayepunguza." Sikukubali. Mpaka umekufa sikukubali.

Sasa Meera ananiambia ni kweli unaendelea, na baada ya pale unapanda juu zaidi, kule kule. Yaani sehemu nisiyoijua imekaa juu ya waya nisizozisikia. Nimeipanga mwenyewe aibu yangu.

Tena namfikiria sana Mpolandi. Ulinihadithia garini kwamba alikuja hapa London kifua kimemwisha, akapiga piano mbele ya watu waliochoka kucheza dansi, hata hawakumsikiliza vizuri. Kwamba alipungua mwili mpaka mtumishi wake akawa anambeba kumpandisha ngazi. Nilikwambia ningekuwapo ningembeba mimi, wala asingetikisika. Ukasema, "Wewe ungemfunga kamba na blanketi." Na kwamba alipofia Ufaransa dada yake aliubeba moyo wake akaurudisha kwao, ndani ya chupa ya pombe. Hilo la pombe nililikataa na bado nalikataa. Lakini ukasema alipiga kwa mkono mwepesi siku zote, hata alipokuwa mzima, hakupenda kupiga kwa nguvu, na mtu anayepiga hivyo piano ikikosea haina pa kujificha. Hilo ndilo linalonizungukia kichwani. Mtu amebebwa na watu kiasi hicho, halafu aje kuangushwa na mimi sebuleni Tooting.

Naiacha barua kwanza. Naenda Tooting.

Nimerudi. Ni Jumamosi hii hii, jioni.

Nilimwambia Meera mlangoni kabla sijavua kofia, maana nikivua kofia napata maneno mengine. Nikasema, "Mwanangu, za juu sizisikii." Nilingoja aniulize mbona hukusema. Akanijibu kwa Kiswahili, Jayanti. Kile cha kwenu, cha dukani Tanga. Akasema, "Mimi najua, anko. Simu yako nalia, wewe hapana sikia. Mama pia najua." Shemeji yuko nyuma yake na shali zake, anatikisa kichwa kama aliyekuwa akilingoja basi lililochelewa. Akasema, "Sasa tutawasha hita?" Nikamwambia hapana.

Tukaifungua. Mimi nikashika spana, yeye akabonyeza na kusikiliza. Akawa ananiambia, bado. Bado. Umepita, rudi. Hapo. Masikio yake, mikono yangu, na mikono bado ninayo, nikwambie, spana haikuteleza hata mara moja. Alipomaliza kibao cha mwisho jicho halikujikunja. Nililitazama vizuri.

Akaniuliza, nikupigie mwisho wake sasa, usije ukashtuka kesho? Nikakataa. Nilisema nina treni ya kuwahi. Sina treni.

Sijui nikuelezeje. Waya zikikazwa upya zinaweza kuteleza kabla ya kesho, na shemeji nikigeuka tu atawasha hita, hayo ndiyo niliyomwambia Meera kuwa yananisumbua. Ninayokwambia wewe ni mengine. Mwaka mzima nimekuweka pale pale juu ya ngazi, mkono uko kwenye kifuniko, bado kidogo uniite. Kesho binti yako atapita hapo ulipo, ataendelea.

Sikia basi. Nimevaa ile suti uliyosema ni ya mnada na nimeinyoosha. Nitakaa kiti cha mbele. Akifika pale pako sitainuka wala sitapiga makofi, hata nikisikia harufu ya tangawizi jikoni. Nitakaa mpaka atoe mikono yote miwili juu ya vibao, na kule juu nisikokusikia nitaitazama mikono yake. Kama waya zimeteleza nitasema mbele ya watu wote kwamba ni mimi, si wewe, si yeye.

Pumzika, ndugu yangu. Chai ya kesho nitaichemsha mimi. Ikiwa tayari, nitaita jina lako.

Athumani wako